Mbwa Wangu Avoka na Risasi ya Tatu

Haya ninayaandika kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto, kwenye simu iliyopasuka kioo. Herufi ikiruka, mnisamehe.

Mkono wa kulia sina. Umezikwa nyuma ya hospitali moja, kwenye shimo ambalo sikuwahi kuonyeshwa.

Watu wakiniuliza nasema ni vita. Kwetu Masisi ukishasema vita, hakuna anayeendelea kuuliza.

Ni uongo. Mkono wangu uliondolewa na bunduki niliyoichagua mimi mwenyewe, ikiwa mikononi mwa rafiki yangu, kwa sababu ya mbwa wangu.

Naitwa Sylvain. Nalima maharage na viazi kwenye kilima karibu na Mushaki. Nilipokuwa kijana nilikaa miaka sita Walikale kwa mjomba wangu, mwindaji wa msituni, na huko ndiko nilikojifunza bunduki.

Kwa hiyo hapa kilimani, mtu akiwa na swali la bunduki ya kuwindia, alikuwa anakuja kwangu. Nilijisikia sana kwa hilo, nisiwafiche. Nilikuwa najibu taratibu kama daktari.

Jirani yangu ni Papa Sebagabo, mfugaji. Binti yake Murekatete ndiye anayekamua na kushusha maziwa barabarani. Kila asubuhi kikombe kimoja kilikuwa kinaletwa kwangu kwa ajili ya mtoto wangu, na hata siku moja sikuambiwa nilipe kitu. Mimi nilikuwa namfungia ndama wake wakati wa kukamua. Fundo langu ni la mitego, nililifundishwa na mjomba, ukilivuta linazidi kukaza.

Na nilikuwa na mbwa, wa rangi ya udongo, sikio moja limechanika. Nilimwita Avoka, yaani wakili, kwa sababu alikuwa hanyamazi. Jani likianguka, anatetea. Kuku akipita, anatetea. Tulimcheka sana.

Siku vita vilipofika kwetu ilikuwa saa tisa mchana.

Jirani wa chini alipigwa risasi mlangoni kwake, ameshika mwiko. Nilimwona akianguka juu ya moto wake mwenyewe, na nguo zikashika. Hatukuweza hata kumvuta.

Mke wangu Colette alimfunga mtoto mgongoni, tukakimbilia korongoni. Avoka nyuma yetu, anabweka.

"Sylvain, ile imbwa itatuuwisha!" Colette alisema. "Banatusikia!"

Nikarudi naye hadi nyumbani. Nikachukua kamba ya mbuzi, nikamfunga kwenye nguzo ya jiko. Aliacha kubweka akanitazama, akidhani tunacheza.

Nikaondoka.

Kule korongoni tulimsikia anabweka, anabweka. Halafu tukasikia risasi mbili uani kwetu, na kimya. Nililia nimeziba mdomo wa mtoto kwa kiganja.

Tulikaa kambini zaidi ya mwaka. Tuliporudi, nyumba hazikuwa na mabati, mashamba yalikuwa msitu, na mbwa wote waliobaki nyuma walikuwa wamejikusanya kundi. Hawakuwa tena mbwa wa mtu. Walikuwa wameshazoea kula maiti.

Wiki ya kwanza tu, Papa Sebagabo aliniita mbio. Ndama wake alikuwa amelala malishoni, macho wazi, bado anapumua, matumbo yote nje. Mbwa saba walikuwa wameanza kumla kutoka nyuma.

Tuliwatupia mawe wakasogea. Papa Sebagabo alimmalizia ndama kwa panga, mwenyewe, machozi yakimtoka.

Juu ya jiwe mbwa mmoja alibaki nyuma ya wenzake, anatutazama. Rangi ya udongo. Sikio limechanika. Shingoni kilining'inia kipande cha kamba kilichotafunwa.

Fundo lilikuwa langu.

"Iko imbwa ya nani ile?" Papa Sebagabo aliuliza.

"Sijue, Papa."

Huo ndio uongo wa kwanza. Kwetu mbwa akila ndama, mwenye mbwa analipa ndama. Lakini sikuficha kwa sababu ya kulipa tu. Niliona aibu. Ningesemaje? Kwamba nilimfunga afe ili sisi tupone, naye akakataa kufa?

Wachungaji wakatega nyama yenye sumu. Wanne wakafa, watatu wakabaki. Na hao watatu walikuwa wajanja kuliko sisi, hawakugusa tena nyama iliyowekwa na mtu. Wakikuona hatua mia mbili tu, wamepotea.

Avoka alikuwa kati ya hao watatu. Kila wakikimbia, yeye anakuwa wa mwisho, kama alivyokuwa akitembea nyuma yangu zamani.

Halafu wakamshika Murekatete.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka. Alikuwa anashuka na bidoni ya maziwa. Walimwangusha, wakamburuta hadi kwenye magugu. Alipigana nao kwa ile bidoni mpaka ikabonyea. Nilipofika na jembe walikuwa wametoa nyama ya paja, tonge zima, na nilichokiona ndani kilikuwa cheupe.

Maziwa na damu vilikuwa vimechanganyika chini.

"Ile ya kamba njo ilianza kuniluma," Murekatete alisema tukimbeba kwenye machela. "Ile ya kamba."

Nilikuwa nimeshika mti wa mbele wa machela, hakuona uso wangu.

Siku ya tatu Papa Sebagabo alikuja kwangu, akakaa kwenye kigoda, akavua kofia.

"Sylvain, natafuta bunduki. Ya kupiga mbali, kilima kwa kilima. Lakini isikuwe nzito. Unajua kifua yangu."

Nilijua. Kambini alivunjwa mbavu tatu, na tangu siku hiyo akipanda mlima anasimama kila hatua ishirini.

"Karatasi iko?" nikauliza.

"Chifu alishaniandikia. Batu bote banataka hizi imbwa zikufe. Weye unichagulie tu. Miye nitazami macho yako."

Alitaka kusema ataona kwa macho yangu. Sauti ilikuwa inamkatika.

Bunduki nilijua iko wapi. Mubi, kule Walikale, kwa Mama Libérata, mjane wa mjomba wangu. Mzee alikufa akamwachia bunduki tatu zenye karatasi zake, na mama alikuwa anataka ziondoke nyumbani kabla hazijamletea watu wabaya.

Safari hiyo ilikuwa siku nne, pikipiki na lori na matope mpaka magotini. Papa Sebagabo hakulalamika hata mara moja. Alikuwa anasema habari za Murekatete tu.

Mama Libérata alizilaza zote tatu juu ya mkeka.

Ya kwanza ilikuwa kalibri dozi, bunduki ya marisau. Kwa karibu inaua nyati, lakini ukipita hatua sitini unapiga kelele tu. Nikaiweka kando.

Ya pili ilikuwa ndefu, chuma kinene, kitako cha mti mweusi. Nzito kweli. Hiyo mjomba alikuwa anaiita Monsinyeri, kwa sababu ukiibeba unatembea polepole kwa heshima, kama askofu. Ukipiga risasi moja, ukipiga kumi, zote zinaingia mlango mmoja.

Ya tatu ilikuwa nyepesi, kitako kifupi, mtutu mwembamba. Unaweza kuipandisha Masisi nzima kwa mkono mmoja.

Papa Sebagabo alinyanyua ile nzito, akaanza kukohoa. Akanyanyua nyepesi, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ya Murekatete.

"Hii inapiga mbali?"

"Inapiga, Papa."

Inapiga kweli. Risasi mbili za kwanza, hatua mia tatu, haikosi. Lakini ule mtutu mwembamba ukishapata moto, ya tatu inakwenda kulia. Mbali hivyo, inakosea kwa urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Mjomba alikuwa anapiga mbili, anaiegemeza kwenye mti, anavuta sigara nzima, ndipo anaishika tena. Miaka sita niliishi na hiyo sigara.

Sasa msikilize roho ya mtu inavyofanya kazi.

Mbwa walikuwa watatu. Avoka anakimbia wa mwisho. Risasi mbili, mbwa wawili. Ya tatu inakosa.

Nilihesabu haya pale pale mkekani, nimechuchumaa, nikijifanya napangusa vumbi kwenye mtutu. Nilijiambia atakimbilia msituni, atakwenda zake, na mimi nitakuwa nimelipa ile kamba.

Kuhusu paja la Murekatete sikutaka kufikiria.

"Chukua nyepesi, Papa," nikasema. "Kwa kifua yako njo hii."

Ningeweza kumbebea ile nzito. Nina mabega. Hata hilo sikulisema.

Kulikuwa na kujaribu. Wawindaji wa kule wana desturi yao: bunduki inajaribiwa kwa risasi mbili tu. Ya kwanza anapiga mwenye kuuza, ya pili mwenye kununua. Ukiomba ya tatu umemwita muuzaji mwongo, na kama mwenye bunduki ni marehemu, umemtukana kaburini.

Tulitundika kifuniko cha sufuria ng'ambo ya shamba lililokatwa miti. Mama Libérata akapiga ya kwanza, yule mama mzee na kitenge chake, kifuniko kikalia. Papa Sebagabo akapiga ya pili, kikalia tena.

"Muko na swali?" Mama Libérata akauliza. Alinitazama mimi. Yeye pia aliijua ile sigara.

"Hatuna, Mama."

Akainamisha kichwa, akaanza kukunja mkeka.

Tuliporudi Mushaki, siku moja nikasikia risasi juu malishoni, moja, mbili, tatu, mfululizo. Baadaye nikasikia nyingine tatu. Jioni nilimuuliza Papa Sebagabo.

"Nilikuwa nazoeza mukono," alisema.

Akanitazama kama mtu mwenye neno mdomoni. Nami nikamtazama hivyo hivyo. Halafu akaniuliza maharage yangu yanaendeleaje. Nikamwambia yanaendelea vizuri.

Tukawinda Jumatano, asubuhi.

Mbwa walikuwa wanalala kwenye kichaka upande wa pili wa bonde. Papa Sebagabo alikaa upande huu wa bonde, amelaza bunduki juu ya gunia la mchanga. Mimi nilizunguka nyuma ya kichaka na bidoni tupu na fimbo, niwatoe kwa kelele.

Nikaanza kupiga. Pa! Pa! Pa!

Wa kwanza akatoka, mweusi, mbio. Mlio ukaja, akapinduka kichwa kwanza, nusu ya taya haipo, miguu inaendelea kukimbia hewani.

Wa pili akakata kushoto. Mlio. Risasi ilimpata kiunoni akabaki anajiburuta kwa miguu ya mbele, analia kama mtoto mchanga, mpaka akaishiwa damu.

Nikawa nangoja Avoka atoke akimbie.

Hakukimbia. Aligeuka akapanda kwangu.

"Avoka!" nikaita. "Avoka, ni miye!"

Sijui kama alinitambua au kama alinitambua vizuri mno. Alinirukia kifuani. Tukaanguka wote. Meno yakaingia juu ya kiwiko changu, nikasikia nyama ikichanika kabla sijasikia maumivu. Harufu ya mdomo wake ilikuwa ya mzoga. Ile kamba ilikuwa inanipiga usoni.

Mapenzi yote yaliisha hapo hapo. Nilitaka afe. Nilitaka Papa Sebagabo ampige sasa hivi.

Ndipo nikakumbuka inayofuata ni ya tatu.

Niliinua shingo, nikaona ng'ambo mtutu umegeukia kwetu. Kwa macho ya Papa Sebagabo, mbwa alikuwa kushoto, mimi kulia. Atalenga mbwa, risasi itakwenda kulia, itaingia kifuani mwangu. Niliijua bunduki ile kama jina langu.

Nikamkumbatia Avoka kwa nguvu zote, nikabingirika naye. Tukabadilishana. Mimi nikawa kushoto, yeye kulia, mahali hasa ambapo risasi ingepotelea.

Mlio ukaja.

Risasi haikupotea.

Kiwiko changu kilipasuka. Sitawaelezea nilichoona, nitawaambia tu kwamba mkono ulikuwa umegeukia upande ambao mkono haugeukii.

Avoka aliniachia. Nikaporomoka chini kidogo, nikaishia kwenye magugu marefu, uso juu. Nilisikia Papa Sebagabo anaita jina langu ng'ambo ya bonde. Nilijaribu kuitika, ikatoka pumzi tu. Damu ilikuwa inatoka kwa kuruka.

Ndipo Avoka akaja. Akasimama hatua mbili kutoka kwangu, mdomo wake mwekundu kwa damu yangu. Nikafumba macho.

Akaanza kubweka.

Si kubweka kwa mbwa wa msituni. Ni kule kubweka kwake kwa zamani, kwa jani na kuku, kuita watu. Hakunikaribia tena. Alikuwa anatazama bondeni, anabweka, ananitazama, anabweka.

Papa Sebagabo aliifuata sauti hiyo. Na kifua chake kile alishuka bonde akapanda. Aliniambia baadaye kwamba katika magugu yale asingeniona hata kama angenikanyaga.

Alitokea anahema, midomo imekuwa ya majivu. Akamwona mbwa amesimama karibu na kichwa changu. Akainua bunduki.

Nilikuwa na nguvu za neno moja. Nawaapia, nilikuwa nazo. Ningesema "wacha."

Lakini ningesema wacha, angeuliza kwa nini.

Nikanyamaza.

Bunduki ilikuwa imeshapoa. Ilipiga sawasawa.

Nilizinduka hospitalini, bega limefungwa, sindano za kichaa cha mbwa zimeanza. Papa Sebagabo alikuwa amekaa kando ya kitanda na kofia yake magotini. Alikuwa amekonda kwa siku nne tu.

"Sylvain, unisamehe," alisema. "Ile bunduki nilijua iko na tabia mubaya. Siku ile nilizoeza mukono, sasi ya tatu ilienda kuume. Nikaacha ipoe, nikapiga tena tatu. Ya tatu, kuume. Nikasema, nikimwambia Sylvain atasikia haya, juu njo yeye alinichagulia. Nikanyamaza."

Aliizungusha kofia magotini.

"Siku ya imbwa nikalenga kushoto, pembeni yake kidogo, juu irudi pa imbwa. Ilikuwa inarudi sawa, Sylvain. Niliona." Akaanza kulia. "Weye ulihama juu ya nini?"

Ndugu zangu, kuna maswali mtu anaulizwa anatamani arudishwe kwenye usingizi wa dawa.

Nilimwambia yote. Sigara ya mjomba, hesabu yangu mkekani, kamba. Nilisema nimetazama ukuta.

Nje mtu alikuwa anaosha ndoo.

"Ya kamba nilijua," alisema mwishowe. "Ile fundo njo unafungiaka batoto ya ngombe yangu. Tangu siku ya kwanza nilijua. Nilikuwa nangoja useme weye mwenyewe."

"Na Murekatete?"

"Yeye hajue. Ile haiko kazi yangu kumwambia."

Bunduki ile aliivunja kwa nyundo ya mawe. Alinisamehe, na nikamwamini, kwa sababu kikombe cha maziwa kiliendelea kuja kila asubuhi. Aliyekileta ni Murekatete, akichechemea, ananiuliza kidonda kimepona kiasi gani, ananipa pole kwa ajili ya mbwa yule mbaya.

Miezi mitano nilikipokea kikombe hicho.

Funzo langu ni dogo. Mimi na Papa Sebagabo tulipendana, tukaheshimiana, na kila mmoja alijua kasoro ya bunduki ile. Angesema mmoja wetu tu, ningekuwa naandika kwa mikono miwili. Ukijua jambo linaloweza kumwumiza mwenzako, mwambie kabla hamjatoka nyumbani. Akikuona mbaya, vumilia uonekane mbaya.

Na kwa kuwa siwezi kuwafundisha nisilolifanya, leo asubuhi, kabla ya kuanza kuandika, nilimngoja Murekatete mlangoni. Alipofika nikamwambia kabla hajanisalimia.

"Dada, ile imbwa ya kamba ilikuwa yangu. Nilijua tangu kabla ikulume."

Alinitazama. Akatazama bega langu tupu, akatazama paja lake. Kisha akageuza kikombe, akamwaga maziwa yote kwenye kizingiti changu, taratibu, mpaka tone la mwisho. Akaondoka na kikombe chake, akichechemea.

Mtoto wangu alilia kutaka maziwa. Colette aliniuliza nimefanya nini tena.

Nimesema, nikamjibu. Safari hii nimesema.